Dawa Kwenye Sanduku la Adow

Kengele ya kwanza ililia saa kumi na moja alfajiri, na kila siku ilimkuta Adow ameshaamka. Korane, aliyelala kitanda cha juu yake, alimsikia akifungua kufuli la sanduku lake la bati, kisha akilifunga tena polepole. Baada ya hapo walichukua ndoo zao, wakatoka pamoja kupanga foleni kwenye tangi. Shule ya Wavulana ya Mtakatifu Anselmi ilikuwa nje kidogo ya mji wa Garissa, na hata saa hiyo maji ya tangi hayakuwa baridi. Joto la jana lilikuwa bado limo ndani yake.

Wakishanawa, wavulana waligawanyika. Wakatoliki walielekea kanisani kwa misa fupi ya asubuhi. Waislamu, ambao ndio waliokuwa wengi, walikwenda kuswali katika chumba cha nyuma ya maktaba walichotengewa na mwalimu mkuu, Padre Musembi. Saa kumi na mbili na nusu wote walikutana tena kwenye bwalo kwa uji na mkate, na hakuna aliyeona ajabu. Aliyekuwa na wasiwasi ni mama yake Korane, Ebla, aliyeuza maziwa ya ngamia kando ya barabara kule Modogashe. Barua ya kujiunga ilipofika, alimwomba mwalimu wa kijijini aisome mara mbili.

"Shule ya mapadre," alisema. "Watamwacha mtoto aswali?"

"Watamwacha aswali," mwalimu akamjibu. "Na watamfundisha hesabu mpaka aombe msamaha."

Ebla akacheka, akakubali.

Korane na Adow walikutana mwezi wa Januari, siku ya kujiunga na Gredi ya Kumi, kwenye foleni ndefu mbele ya ofisi. Kila mvulana alikuwa na godoro lililoviringishwa, ndoo, sanduku na bahasha ya fomu. Adow alitoka Habaswein. Aliletwa na baba yake, Rage, mfanyabiashara wa mifugo, mtu mrefu mwenye ndevu zilizopakwa hina. Meza ya mwisho ilikuwa ya Sista Redempta, mtawa aliyekuwa muuguzi wa shule. Aliipokea fomu ya afya ya Adow, akaisoma, kisha akamtazama Rage.

"Hapa panauliza kama mtoto ana ugonjwa wa muda mrefu, mzee. Umeandika 'hana'."

"Hana," Rage alisema. "Ni mzima, alhamdulillahi."

Adow alikuwa akitazama viatu vyake. Sista akagonga muhuri, na wavulana wawili wakapelekwa bweni moja, kitanda kimoja, mmoja juu na mmoja chini.

Walizoeana upesi. Adow alikuwa mcheshi, mwepesi wa hesabu, na alijua majina ya ngamia wote wa baba yake. Korane alikuwa mkimya na alipenda kusikiliza. Jumamosi walifua nguo zao pamoja, na Jumapili, Wakatoliki wakiwa kanisani, wao walikaa darasani Adow akimfundisha Korane milinganyo.

Wiki ya pili Korane aliujua ukweli. Alirudi bwenini wakati wa mapumziko ya jioni kuchukua kitabu, akamkuta Adow ameketi sakafuni nyuma ya vitanda, amepandisha shati, anajidunga sindano tumboni.

"Usishtuke, walaal, ndugu yangu," Adow alisema bila kuinua kichwa. "Ni insulini. Nina kisukari tangu nikiwa na miaka kumi. Nikijidunga asubuhi na jioni, niko sawa kama wewe."

"Na Sista anajua?"

"Hajui, na asijue. Nilipokuwa Gredi ya Saba kuna shule ya bweni iliyonikataa. Walimwambia baba hawawezi kukaa na mtoto wa sindano. Safari hii baba akasema hatuandiki kitu. Wakijua, watanirudisha nyumbani." Alishusha shati, akamtazama rafiki yake. "Niapie, Korane."

"Wallahi, sitamwambia mtu," Korane akasema.

Kiapo kile kilimfanya ajione mtu mkubwa. Tangu siku hiyo akawa akisimama mlangoni Adow anapojidunga, na akawa akimsaidia kubadilisha maji ya chupa ya chai. Ndani ya chupa hiyo ndimo vichupa vya dawa vilimokaa, vimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Nyumbani, mama yake Adow alizihifadhi dawa hizo katika jokofu la duka la jirani. Shuleni hapakuwa na jokofu la kwenda kuomba bila kuulizwa maswali. Kipimo chake cha sukari pia alikiacha nyumbani, asije akakutwa nacho masanduku yakikaguliwa.

Bweni lilikuwa la mabati. Kufikia saa saba mchana sanduku la Adow halikugusika kwa mkono mtupu, na maji waliyoyatia kwenye chupa asubuhi yalikuwa yenyewe vuguvugu tangu yalipotoka tangini. Wavulana wawili hawakujua joto linafanya nini kwa dawa. Adow alijidunga kiasi kilekile kila siku, kwa uaminifu, lakini dawa ilikuwa ikipoteza nguvu siku baada ya siku.

Mwanzoni mwa Februari alianza kunywa maji kupita kiasi. Alimaliza chupa nzima kabla ya kipindi cha pili, kisha akaomba ruhusa ya kwenda msalani mara tatu katika somo moja. Wenzake wakamwita Tangi. Naye alicheka pamoja nao, kwa kuwa jina lile lilikuwa afadhali kuliko maswali. Mkanda wake wa suruali ulitobolewa tundu jipya, kisha jingine. Jioni, badala ya kwenda uwanjani, alilala juu ya madaftari yake.

"Dawa inafanya kazi kweli?" Korane alimuuliza siku moja.

"Ni joto tu," Adow alijibu. "Kila mtu amechoka."

Jumanne ya wiki iliyofuata, tumbo lilimkata. Korane alimshika mkono wakaenda zahanati ya shule. Sista Redempta alimlaza kitandani, akampima joto, akampima malaria. Hakuona kitu. Nyuma yake jokofu jeupe lilikuwa likinguruma polepole.

"Umetapika?"

"Mara moja."

Sista alifungua faili, akaitoa fomu ya afya, akapitisha kidole kwenye mistari. "Una ugonjwa wowote ambao haukuandikwa hapa?"

"Sina, Sista."

Sista akageuka. "Korane, wewe ndiye unayelala naye kitanda kimoja. Kuna jambo lolote ninalopaswa kujua?"

Korane alihisi macho ya Adow shingoni. Alikuwa na jibu mdomoni, fupi kabisa, na kwa muda mfupi alidhani lingetoka lenyewe. Kisha akakumbuka kiapo, akakumbuka sanduku na godoro vikipakiwa garini kurudi Habaswein.

"Hapana, Sista," alisema.

Sista alimpa Adow dawa ya tumbo, akamwambia arudi kesho asubuhi hata kama ataona amepona. Walipotoka nje, Adow alimpiga Korane bega kwa bega. "Wewe ni ndugu yangu," alisema. Korane alifurahi, na furaha ile ndiyo iliyomuuma zaidi baadaye kila alipoikumbuka.

Jumatano Adow hakurudi zahanati. Aliketi darasani kichwa kikiwa juu ya dawati, midomo imekauka, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi.

"Twende kwa Sista," Korane alimnong'oneza.

"Kesho."

"Alisema leo."

"Korane." Adow alifumbua jicho moja. "Uliapa."

Alhamisi asubuhi, wanafunzi wakiwa wamepanga mistari kwenye gwaride, Adow alianguka. Hakupiga kelele. Magoti yalimlegea tu, akakaa chini, kisha akalala ubavu. Alikuwa akipumua kwa nguvu na kwa haraka kama mtu aliyekimbia mbali. Walimu wawili walimbeba hadi zahanati, na Korane akawafuata mbio, akapenya katikati yao.

"Ana kisukari, Sista," alisema. Sauti yake ilikuwa ngeni masikioni mwake mwenyewe. "Anajidunga sindano. Dawa iko kwenye sanduku. Iko humo tangu Januari."

Sista Redempta hakumuuliza kwa nini hakusema mapema. Alifungua droo, akatoa kipimo kidogo, akamchoma Adow kidole. Kipimo hakikuonyesha namba. Kilionyesha tu kwamba sukari imepita pale kinapoweza kupima. "Leteni gari," Sista aliwaambia walimu. "Sasa hivi."

Korane alibaki amesimama kwenye vumbi la gari. Siku nzima hakuelewa neno lililofundishwa. Ijumaa, baada tu ya swala ya mchana, Padre Musembi alikuja mwenyewe darasani, akamwita kwa jina, wakatembea hadi kwenye ukuta wa maktaba penye kivuli.

"Madaktari wamejitahidi sana," Padre alisema. "Adow ametutoka, mwanangu. Baba yake alifika asubuhi. Alikuwa ameushika mkono wake."

Korane alisema maneno ambayo kila mtoto wa kwao anayajua tangu utotoni, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Aliyasema yote bila kukosea. Kisha akachuchumaa pale ukutani na kulia, na Padre akaketi chini kando yake na kanzu yake nyeupe, akakaa mpaka kengele ya jioni.

Rage alimchukua mwanawe siku ileile akarudi naye Habaswein, na huko akazikwa. Jumamosi Korane alikwenda zahanati peke yake. Sista Redempta alikuwa ameketi mbele ya faili lililo wazi.

"Sista, kama ningesema Jumanne, angepona?"

Sista aliinua macho kutoka kwenye faili. "Sijui," alisema. "Angekuwa na nafasi kubwa zaidi. Siwezi kukudanganya, Korane. Hapa palidanganywa vya kutosha." Alifunga faili. "Na mimi nina langu. Niliisoma karatasi nikaiamini kuliko mtoto aliyekuwa mbele yangu. Jumatano hakurudi, nami sikumfuata. Hilo nitalibeba."

Jumatatu walisafiri kwenda kuwapa pole wafiwa: Padre Musembi, Sista Redempta, na Korane. Pale Modogashe gari lilisimama. Ebla alikuwa akiwasubiri na jerikeni la maziwa la kupeleka kwenye msiba. Alimkumbatia mwanawe dirishani, akampangusa uso kwa pembe ya ushungi wake.

"Ulikuwa rafiki mwema kwake," alimwambia.

Korane alifungua mdomo, lakini dereva akatia gia. Kutoka hapo hadi Habaswein alitazama dirishani. Nje kulikuwa na mbuzi, vichaka, na magari ya mizigo yaliyotimua vumbi jeupe. Moyoni alikuwa akirudia jambo moja: hakuna anayejua alichoulizwa Jumanne ila Sista, na Sista hakuwa amemwambia mtu.

Nyumbani kwa Rage palifungwa turubai uani. Wanaume walikuwa wameketi juu ya mikeka, na wanawake walikuwa ndani. Waliwapokea wageni kwa heshima, wakamwekea Padre kiti na Sista akakaribishwa ndani. Baada ya muda mama yake Adow, Sirad, alitokea kwenye mlango wa nyumba akamwita Korane kwa mkono. Alikuwa mwanamke mwembamba, na macho yake yalikuwa makavu kwa kulia.

"Adow alikutaja kila alipopiga simu," alisema kwa Kisomali. "Nimeambiwa ni wewe uliyesema ana kisukari, ndipo akakimbizwa hospitali. Mungu akulipe, mwanangu. Vitabu vyake na vifaa vyake vya hesabu nataka uwe navyo wewe."

Alikuwa amevifunga kwenye kitambaa. Alimnyooshea, na Korane akarudisha mikono nyuma.

"Eedo, sistahili," alisema. Alimwita shangazi, kama kwao mtoto anavyomwita mwanamke mzima. "Nilijua tangu Januari. Niliapa nisiseme. Jumanne Sista aliniuliza, uso kwa uso, nikasema hapana. Nilisema Alhamisi, alipokuwa ameshaanguka."

Sirad hakusogea. "Jumanne," alisema.

"Jumanne, saa nne asubuhi."

Mama yule aliweka kile kitambaa chini kwenye kizingiti, akageuka, akaingia ndani. Wale waliokuwa karibu uani walikuwa wamesikia, wakageuka kumtazama. Korane alisimama pale alipoachwa. Alitamani wamfukuze, ili apate kwenda mahali.

Rage aliinuka kutoka mkekani. Alikuja akasimama kando ya Korane, akamwekea mkono begani, lakini aliyemwelekea alikuwa Padre Musembi, naye alizungumza Kiswahili cha kutafuta maneno.

"Badri," alisema, akimwita Padre kwa matamshi ya kwao, "nataka kuuliza mbele ya watu. Mimi ningeandika ukweli kwa ile fomu, shule ingekataa kijana yangu?"

Padre alisimama. Ilionekana angependa kulikwepa swali lile, kwa huruma.

"La, mzee," alisema hatimaye. "Tunao wavulana wenye pumu, tunaye mwenye kifafa. Mwaka juzi alimaliza mmoja mwenye kisukari kama Adow. Dawa yake ilikaa miaka yote kwenye jokofu la Sista, na Sista alimpima sukari kila asubuhi kabla ya uji."

Rage aliinamisha kichwa. Mkono wake uliokuwa begani mwa Korane ulikuwa mzito.

"Shule moja ilinifunga mlango, mimi nikadhani zote ni moja," alisema, safari hii kwa Kisomali, akiwaambia wazee wenzake. "Kalamu nilishika mimi. Nilimfundisha mwanangu kuficha, naye akamfundisha rafiki yake. Msimtazame mtoto huyu. Nitazameni mimi." Akaketi pale pale kizingitini, mtu mzima wa ndevu nyekundu, akafunika uso.

Sirad alirudi wakati wageni walikuwa wakijiandaa kuondoka. Alikiokota kile kitambaa, akamsogelea Korane kwenye gari.

"Sikudanganyi," alimwambia. "Inaniuma. Kila nikisikia Jumanne itaniuma. Lakini ungeweza kuvichukua vitabu hivi ukaenda zako, na nisingejua maisha yangu yote. Hukufanya hivyo." Alivuta pumzi. "Nisikilize, maana hakuna aliyewaambia, na sisi wakubwa ndio tuliopaswa. Mtu akiumwa akakuapisha unyamaze, kiapo hicho hakikufungi. Mwambie mtu mzima. Asipokusikia, mwambie mwingine. Rafiki yako atakukasirikia, na wewe mwache akukasirikie. Adow angekununia wiki nzima. Namjua. Asingekula nawe, asingekusemesha." Alikikaza kile kitambaa kifuani. "Ningetoa kila nilicho nacho nipate hiyo wiki."

Akamwekea vitabu mikononi, na mara hii Korane akavipokea.

Siku iliyofuata Padre Musembi aliwaeleza wanafunzi wote mambo yalivyokuwa, kwa idhini ya Rage. Sista Redempta akatangaza kwamba fomu za afya zitajazwa upya, mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa, na kwamba hakuna atakayerudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa. Kufikia Ijumaa wavulana tisa walikuwa wamekwenda kwake kueleza maradhi yao. Mmoja alitoa dawa alizoficha ndani ya soksi. Mwingine alikuwa haoni ubao tangu mwaka uliopita.

Kitanda cha chini kilipewa Abdimalik, mvulana kutoka Kutulo. Jioni moja Korane alimkuta bafuni ameshika ukuta kwa mikono miwili, kifua kikipiga filimbi, akihangaika kuvuta pumzi.

"Ni vumbi tu," Abdimalik alisema alipoweza kusema. "Huwa inapita. Usimwambie mtu, nakuomba. Kocha atanitoa kwenye timu."

"Nitasema," Korane alisema. "Twende pamoja, au niende peke yangu."

Abdimalik alimtukana, lakini alikwenda. Sista alimpima, akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akamwandika kwenye daftari lake. Kocha hakumtoa kwenye timu. Hata hivyo Abdimalik alimnunia Korane siku nne nzima. Hakumpisha kwenye foleni ya maji, hakumjibu salamu, na mezani alimpa mgongo. Korane alikula uji wake kimya, akimtazama mgongo ule ukipanda na kushuka, ukivuta hewa vizuri.